Fundi wa Kilole Aliyejenga Dungu Uani

Kilole, Korogwe

Mpendwa Bi Bernadina,

Shikamoo mama. Mimi ni msomaji wa ukurasa wako tangu vita vilipokwisha, zamani nilikuwa nikisomewa na sasa najisomea mwenyewe, na sikudhani hata siku moja kwamba nami nitakaa chini kukuandikia, lakini yamenifika shingoni mama, sina usingizi, na kwa ajili ya huko kukosa usingizi mke wangu Mwanaidi amesema akinisikia tena napanda lile dungu atafunga mzigo wake arudi kwao Kang'ata, na mwanamke huyu namjua, hatishii.

Naomba nikueleze tangu mwanzo. Mimi ni Mzigua wa huko huko Kang'ata, Handeni, na tangu ninang'oka meno ya utoto, kila mahindi yakianza kubeba, baba alikuwa akinichukua kwenda kulinda nguruwe wasimalize shamba, tukilala juu ya dungu, kile kitanda cha miti kilichosimama juu ya nguzo, chini moto wa magogo unatoa moshi wa kufukuza mbu, juu nyota zimejaa, na harufu ya mahindi mabichi. Kwenye shamba la jirani alikuwa mjomba Mhina na wanawe, na usiku watu walikuwa wakiitana, huyu anagonga debe, yule anaitikia, mjomba anaimba kwa sauti mbaya mpaka tunacheka wote gizani, kisha baba ananiambia, "Lala baba, mimi niko macho," nami nalala hapo hapo, hata ungenibeba ukanitupa mtoni nisingejua. Mama, usingizi ule sijauona tena, na nikiukumbuka machozi yananilenga, mtu mzima mimi.

Baba alifariki masika ya mwaka jana, Mungu amrehemu, shamba likabaki kwa mdogo wangu, nami kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kushona nikahamia Korogwe na mke wangu, nikapata cherehani barazani kwa Bwana Tayabali mwenye duka la nguo. Nyumba yetu ya Kilole haina kasoro, ina bati, ina kitanda cha kamba na godoro la sufi, lakini humo usingizi siupati, panya akipita darini nimekaa, bati likilia kwa baridi nimesimama, gari moshi likipiga filimbi stesheni nimeshafika mlangoni. Mwanaidi anasema nageuzwageuzwa kama chapati, na juzi aliniambia kabla jogoo hajawika nilisimama dirishani nikaita watu kwa Kizigua, kisha nikarudi kulala, mimi sikumbuki hata neno moja.

Dawa nimejaribu. Mtu mmoja aliyetoka Mombo aliniuzia unga wa mizizi, nikaharisha tu. Nikaanza kunywa chai ya rangi nzito baada ya magharibi ili mwili utulie, sikutulia. Mchana Bwana Tayabali akienda kula najilaza chini ya meza ya kukatia vitambaa, na hapo ndipo usingizi unapokuja wa kukoroma, lakini usiku unanikimbia tena.

Basi nikajenga dungu uani. Usiku wa kwanza nikasinzia vizuri kidogo, nikamshukuru Mungu, kumbe jirani yangu Salimu bafu lake la makuti halina paa, akaenda kwa jumbe kushtaki kwamba fundi Mbaruku amejenga mnara wa kumchungulia mke wake. Jumbe akaja na watu, akaniuliza, "Unalinda nini hapa?" nikatazama uani nikaona mpapai mmoja, nikamwonyesha huo. Watu walicheka, jumbe naye akacheka akaenda zake, lakini Mwanaidi hakucheka, aliingia ndani, na jioni ndipo akanipa hilo neno la kurudi kwao.

Kazini nako ni hivyo hivyo. Wiki iliyopita nilisinzia juu ya cherehani nikaishona suruali ya karani wa stesheni mguu mmoja ukafungwa chini kama mfuko wa sukari, na Bwana Tayabali akaniambia mbele za wateja, "Mbaruku, cherehani yangu si kitanda. Ukiharibu nguo nyingine, huyu mwanafunzi wako Fransisko ndiye atakayekaa hapo." Mama, nirudi shamba? Ninywe dawa gani? Mke nampenda na kazi naitaka, lakini usiku ukiingia miguu yenyewe inanipeleka kwenye lile dungu.

Jina langu liandike tu, mji mzima umeshajua.

Mimi niliyechoka,
Fundi Mbaruku

*

Bwana Mbaruku,

Marahaba mwanangu. Nimecheka nilipofika kwenye mpapai, unisamehe. Kisha nikaisoma barua yako mara ya pili na sikucheka tena. Pole sana kwa baba yako.

Sasa nikukaripie. Hiyo chai nzito unakunywa usiku kwa akili gani? Nimeuguza wagonjwa wodini miaka mingi, na sisi wauguzi tulikuwa tukiinywa chai hiyo hiyo ili tusilale zamuni! Wewe unainywa ili ulale, halafu unanung'unika. Mwisho wa chai yako uwe adhuhuri. Unga wa Mombo mwaga chooni, na aliyekuuzia ukimwona tena mwambie nimekutuma umwulize kama yeye mwenyewe anautumia.

Huko kulala chini ya meza ya Bwana Tayabali nako acha. Usingizi ulioula mchana huwezi kuudai tena usiku. Utateseka siku chache, macho yatakuwasha, lakini vumilia, ukisinzia simama unawe uso, ukatembee mpaka sokoni urudi. Na katika siku hizo usiguse suruali ya mtu, mwombe mwenye duka akupe kazi ya vifungo, umweleze kweli kwamba unajitibu. Mtu aliyekuonya badala ya kukufukuza ataelewa.

Kitanda chako kikague. Kitanda cha kamba ni nyumba ya kunguni, kitoe juani, ukimwagie maji ya moto kwenye maungio. Lala saa ile ile kila siku na uamke alfajiri hata kama hukulala vizuri. Ukiona usingizi hauji, usibaki kitandani ukigombana nao. Toka, kaa kwenye kigoda gizani, bila taa, bila sigara, mpaka kope ziwe nzito, ndipo urudi. Na mkeo akisema unakoroma kisha pumzi inakatika, hapo usiniandikie mimi, nenda hospitali.

Kuhusu dungu, nisikilize vizuri. Unadhani ulikuwa ukilala fofofo kule Kang'ata. Hukulala fofofo. Mtoto wa mkulima hulala vipande vipande, nguruwe akikoroma yuko juu, debe likilia yuko juu. Masikio yako yamefundishwa kazi tangu utotoni na hakuna aliyeyaambia kwamba kazi imekwisha, ndiyo maana panya na bati vinakuamsha. Hayo hayaponi kwa siku moja, lakini yanapona, nimeona askari waliotoka vitani wakijifunza kulala upya.

Ulichokuwa nacho kule ni watu. Nami nimekulia Usambara nikilala na dada zangu, tumebanana kitanda kimoja, miguu ya mdogo wetu ya baridi iko mgongoni mwangu, na leo nina kitanda kipana peke yangu na ninaitamani miguu ile. Kwa hiyo sikucheki. Kumkumbuka baba yako si ugonjwa, lakini mkumbuke mchana, mseme na mkeo, ambaye naye alikuwa mkwe wake. Ukimficha mchana kutwa atakungoja usiku.

Lile dungu livunje leo, miti yake mpelekee Salimu aezekee bafu lake, na umwombe radhi mkewe.

Na sasa neno lililonifanya nichukue kalamu haraka. Umeniambia juu ya usingizi wako ukurasa mzima. Wa Mwanaidi hukuuliza. Nani aliona unageukageuka? Nani alikuwa macho kabla jogoo hajawika akakusikia unaita, na unapotoka kwenda kupanda, nani anakusikia? Mtu aliyelala hayajui hayo, Bwana Mbaruku. Tangu mhamie Korogwe mkeo anakesha kwa ajili yako katika nyumba ngeni, na wewe unapanda nje unamwacha peke yake, kisha unashangaa anataka kwenda kwao! Hakimbii dungu. Anakwenda kwa mama yake apate kulala.

Chapa mguu urudi nyumbani mapema jioni ya leo, umtandikie kitanda kwa mikono yako, umwombe radhi, utulie kando yake mpaka alale yeye. Wewe utafuata.

Bi Bernadina