Mama Ernestine Hakuwa Juu ya Mzigo

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Kabambare. Ijumaa, tarehe 15 Novemba 2024, saa tatu asubuhi.

Jina: Falonne Mwayuma. Umri: miaka 23. Kazi: mwanafunzi wa sheria, chuo kikuu, msemaji wa kamati ya wanafunzi kuhusu usalama wa barabara. Makao: Kasongo. Udugu na mtuhumiwa: hakuna.

Nimekuja hapa kwa hiari yangu. Nimeelezwa kwamba shofere Faradji anashikiliwa tangu juzi kwa kosa la kubeba watu juu ya mzigo, kinyume cha amri ya mkoa, na kwamba mmoja wa watu hao, Mama Ernestine, muuza chumvi wa Wamaza, alianguka akavunjika mguu. Nimeelezwa pia kwamba kosa hilo likithibitika atanyang'anywa leseni na kupelekwa mahakamani. Nilikuwepo. Naomba niandikwe kama ninavyosema.

Kwanza niseme nimesimama wapi, asije mtu akadhani nimenunuliwa na wenye malori. Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, lori lilipinduka katika njia hii likiwa na watu juu ya magunia ya mpunga. Mdogo wangu Alain alikuwa mmoja wao. Baada ya maziko tuliandamana Kasongo, mimi nikiwa mbele, tukidai mzigo upimwe kabla ya safari, barieri ya mvua, kizuizi kinachofungwa barabara ikilowa, iheshimiwe, na binadamu asipandishwe juu ya mzigo kana kwamba naye ni gunia. Amri iliyotoka mwezi wa Agosti imeyabeba madai hayo yote. Niliitetea sokoni, msikitini, parokiani na redioni. Naitetea hata sasa, Komanda, mbele yako. Ndiyo sababu watu wa njia hii wananiita Mama Amri, na hawaniiti hivyo kwa kunisifu.

Mnamo tarehe 12 Novemba, siku ya Jumanne, niliondoka Kasongo kwa pikipiki ya motari anayeitwa Hervé. Nilitaka kuona kwa macho yangu jinsi amri inavyofuatwa. Tulifika Wamaza mchana, mvua ikinyesha. Barieri ilikuwa imefungwa: mti mrefu umelazwa kukata barabara, na mlinzi wake, Papa Ramazani, ameketi chini ya kibanda. Lori la Faradji lilikuwa limesimama mbele ya mti huo. Lilikuwa na saruji, sukari na chumvi ya kwenda Kabambare. Nililizunguka. Turubai lilikuwa limefungwa kamba pande zote, na juu yake hapakuwa na mtu.

Wenye mizigo walikuwa kibandani wakijikinga mvua. Mama Ernestine aliniona nikichungulia, akasema:

"Mama Amri, kama unatafuta watu, angalia huku chini. Kule juu mumeachia chumvi peke yake. Chumvi sasa iko na cheo kutupita."

Watu walicheka. Nilimjibu kwamba chumvi ikianguka haizikwi. Akasema, "Hiyo ni kweli, mwanangu. Pole." Akanisogezea nafasi kwenye benchi. Miguuni pake palikuwa na kipande kizito cha mti kilichochongwa upande mmoja, ambacho watu wa malori wanakiita kale, yaani kabari ya kuzuia gurudumu.

Nieleze jambo hili, kwa maana kesi nzima imejengwa juu yake. Katika njia hii, kabla ya amri, aliyekaa kona ya nyuma juu ya mzigo ndiye aliyekuwa mwenye kale. Hakupewa kazi hiyo na mtu. Kona ndiyo iliyompa. Gari likianza kupanda mlima, yeye huruka chini na kutembea karibu na gurudumu. Shofere akihisi nguvu inaisha, hupiga honi mara mbili, na mwenye kale huingiza kabari kabla gurudumu halijarudi nyuma. Kona ya lori la Faradji ilikuwa ya Mama Ernestine kwa miaka mingi. Tangu Agosti hakuna anayekaa pale. Wenye mizigo wanafuata mali yao kwa pikipiki, na Mama Ernestine alikuwa akifuata na kale yake mapajani.

Tulilala Wamaza. Jumatano asubuhi Papa Ramazani alikwenda katikati ya barabara, akakandamiza udongo kwa kisigino, akasubiri kuona kama alama ile itajaa maji. Haikujaa. Akaanza kuinua mti.

Faradji akamwuliza, "Papa Ramazani, umefungua kweli ama umenichoka tu?"

"Nimekuchoka, na barabara nayo imekauka. Kwenda."

Hivyo natamka wazi: barieri haikuvunjwa. Ilifunguliwa na mwenye mamlaka ya kuifungua.

Lori lilitangulia. Sisi tulifuata kwa pikipiki, Mama Ernestine akiwa nyuma ya motari mwingine. Hervé alimpigia kelele, "Mama, huo muti ni abiria wa ngapi?" Naye akajibu, "Huu ni bwana yangu. Hajanitupa hata siku moja."

Yapata saa nne tulifika kwenye kijito kilicho chini ya mlima Kasebe. Kivulini udongo ulikuwa bado na utelezi na pikipiki hazikuweza kupanda. Tulishuka, tukaanza kuvuka daraja la magogo kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine. Faradji alikuwa amekwisha kuvuka na kuanza kupanda bila kutusubiri. Lori lilipofika karibu na nusu ya mlima, niliona magurudumu ya nyuma yakizunguka mahali pamoja. Kisha nikasikia honi. Mara mbili.

Alikuwa anamwita mwenye kale. Mkono wake ulifanya kilichofanywa na mkono huo miaka yote, na kona ile ilikuwa tupu.

Mama Ernestine alikuwa mbele yangu darajani. Alikimbia na kabari begani. Nilimwita arudi, kwa jina lake, zaidi ya mara moja. Hakurudi. Lori lilikuwa limeanza kurudi nyuma, kuelekea darajani, na sisi wengine tulikuwa bado juu ya magogo. Alipiga magoti nyuma ya gurudumu la kushoto, akaisukuma kabari. Gurudumu liliikanyaga, likaisogeza, na kabari ikaubana mguu wake wa kulia. Hapo lori likasimama.

Tulimtoa kwa kuchimba udongo kwa mikono, wengine wakiweka mawe nyuma ya magurudumu. Faradji alishuka akaja. Alisema:

"Mama, nilipiga honi nikizani uko pale."

Mama Ernestine akamjibu, "Niliisikia. Ndiyo maana nimekuja."

Tulimpakia kwenye pikipiki ya Hervé, mimi nyuma nikimshikilia, tukamrudisha kituo cha afya cha Wamaza. Mguu umevunjika juu ya kifundo. Njiani hakulia. Aliniuliza jambo moja tu, "Gari ilisimama?" Nikamwambia ilisimama. Akasema, "Basi," akaegemeza kichwa chake kifuani pangu.

Faradji aliendelea na safari baada ya wenye mizigo kumsaidia kupanda. Habari zilifika Kabambare kabla yake. Zilisema kwamba mwanamke ameanguka kutoka juu ya lori, kwa sababu watu wa njia hii wamezoea ajali za namna hiyo, na mazoea hayasubiri ushahidi. Jioni alikamatwa.

Jana, Alhamisi, mwanafunzi mwenzangu wa kamati, Junior, alinipigia simu kutoka Kasongo. Alisema, "Camarade, acha habari ibaki vile iko. Ukimtetea huyu, wenye malori watasema ni amri ndiyo ilivunja mguu wa mama, na kesho watu watarudi juu ya magunia. Unataka hiyo? Weye, dada ya Alain?"

Nilimjibu kwamba amri inayohitaji uongo ili isimame, hiyo imekwisha kuanguka. Alikata simu. Sijui kama bado mimi ni msemaji wa kamati.

Nilipoulizwa kama niliona mtu yeyote juu ya mzigo, wakati wowote, tangu Wamaza hadi Kasebe, nimejibu: hapana. Hakuna aliyepanda. Mama Ernestine aliumia akiwa ardhini, amepiga magoti nyuma ya gurudumu.

Nilipoulizwa kosa ni la nani, nimejibu hivi. Faradji alikosea kuanza kupanda kabla watu hawajamaliza kuvuka. Hilo ni kosa, na liandikwe kwa jina lake. Lakini silo analoshitakiwa, na mtu haadhibiwi kwa kosa la jirani kwa sababu tu linafanana na lake. Ama kuhusu amri, ilifanya haki kuwashusha watu. Ilichosahau ni kwamba wale watu walikuwa pia breki ya lori katika milima hii. Tuliona maisha yaliyokuwa hatarini kule juu. Hatukuona kazi iliyokuwa ikifanyika kule juu. Tuliishusha kazi pamoja na watu, na hatukuipa mahali pa kukaa. Iandikwe kanuni kwamba lori lisipande Kasebe bila mwenye kabari aliyefundishwa, anayetembea nyuma yake, na shofere asianze kabla hajamwona kwenye kioo. Hilo nitalidai kwa sauti ileile niliyodai nayo lile la kwanza, hata nikiwa peke yangu.

Nimekuja na kabari hiyo. Niliichukua Kasebe jana. Alama ya tairi inaonekana upande mmoja, na upande wa pili kuna damu.

Nimeyasema niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, na nitayarudia mahakamani nikiitwa.

Sahihi ya shahidi: F. Mwayuma

Maandishi ya afisa: Maelezo haya yamesomwa kwa shahidi, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu. Kabari moja ya mti mgumu imepokelewa kama kielelezo. Shahidi ameomba irudishwe Wamaza kwa mwenyewe mara kesi itakapokwisha, akisema mvua za mwaka huu ndiyo kwanza zimeanza. Ombi limeandikwa. Nimeagiza shofere Faradji atolewe mahabusu, aletwe ofisini, asomewe maelezo haya.