Matufaha Yale Hayakuwa Yameiva

Kedowa, Kipkelion
9 Aprili 2024

Mpendwa Shangazi Rebeccah,

Chamgei! Naomba barua hii ikukute mzima huko Halifax, goti lako limepata nafuu na theluji imeanza kukuonea huruma. Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Majani chai yanachumwa, ng'ombe wanakamuliwa, na Mama anakohoa kidogo tu kwa sababu ya baridi.

Nimepata ujumbe wako. Unasema nimwombe Baba msamaha kwa kumwaibisha mbele ya watu. Shangazi, nakuheshimu kama mama yangu, lakini sitaomba. Ulisikia upande wa Baba Mdogo Kipruto peke yake. Sasa sikia wangu.

Unaijua miti ya matufaha nyuma ya zizi. Chuoni mwalimu wangu alitaka nichunguze chai kama wenzangu, nikakataa, nikachagua maganda ya matufaha yetu. Kila wiki nachuma machache, namenya, napeleka maganda maabara kupima protini. Tunda likielekea kuiva, ganda lake hugeuka ndani kwa ndani. Protini zilizolisaidia kutumia mwanga wa jua likiwa kijani hupungua, na nyingine za kuleta harufu na kulikinga na magonjwa huongezeka. Lakini rangi inaweza kutangulia. Baridi yetu ya usiku na jua la mchana hulipaka tunda wekundu likiwa bado chachu.

Basi Zack, dalali wa Mulot, akaja na lori. Baba alikuwa amemwahidi mavuno yote. Mimi nilikuwa nimepima maganda wiki hiyo hiyo, na yalikuwa bado ya tunda bichi. Mwaka jana Zack alichuma mapema hivyo hivyo, na wateja wakasema matufaha ya Kedowa ni chakula cha ng'ombe. Nikasimama langoni.

"Haya hayajaiva," nikamwambia.

Akacheka. "Kwani wewe huoni? Si mekundu hayo!"

"Wekundu ni wa juu tu. Leo hakuna lori linaingia hapa."

Baba Mdogo akafoka kwamba msichana hana shamba. Zack akaondoka na lori tupu. Baba aligeuka akaingia nyumbani, na tangu hapo akawa hanisemeshi hata mezani. Hilo liliniuma kuliko matusi yote.

Halafu ikanyesha mvua ya mawe. Niliisikia ikipiga mabati nikalia, sikufichi. Matunda mengi sana yalianguka, na mengine yakachubukia mitini. Baba Mdogo alikuja kutazama, akaondoka akitabasamu. Hasara ni yangu na nimeikubali. Lakini mvua ile haikuyafanya matufaha kuwa mabivu siku ya lori!

Yaliyosalia niliyaacha mpaka maganda yakaonyesha nilichokuwa nangoja. Tukayachuma mimi na Mama, tukayapeleka Kericho mjini. Watu waliyauma pale pale pamoja na maganda yake, wakaita wenzao. Mchana tulirudi na vikapu vitupu.

Jumamosi iliyopita Zack alirudi kuulizia mavuno yajayo. Baba alikuwa akitengeneza ua, nami nilikuwa karibu nikipalilia.

"Muulize Tecla," akasema bila kuinua kichwa. "Yeye ndiye atasema siku."

Zack akanigeukia, akavua kofia. Mimi mwenyewe Baba hajaniambia lolote, wala simdai neno. Nilimwambia Zack aje maganda yakiwa tayari, na asije siku moja kabla.

Nisalimie Chepchirchir na Kipyegon, na uwaambie wasisahau Kiswahili. Mama anakusalimu sana, na jirani yetu Bilhah pia. Mungu akulinde katika baridi hiyo, aibariki mikono yako kazini, na akurudishe kwetu ukiwa na nguvu.

Ni mimi binti wa kaka yako, ninayekupenda na nisiyejuta,

Tecla Chepkosgei