Nusu Mzunguko wa Nati

Kyalo, uko? Nina hasira.

Ile Subaru ya turbo ya mteja wetu Ronny, inayojishika breki yenyewe mpaka rimu zinachoma. Siku mbili naihangaikia hapa gereji. Nimefungua kaliper zote nne, vile vibanio vya breki, nikazisafisha.

Leo akaja Mirriam, yule fundi mpya ambaye mzee Ngumbao, mwenye gereji, humsifu kila saa. Hata gurudumu hakugusa. Akauliza tu, "Nani alirekebisha pedali ya breki?"

Mimi. Wiki jana Ronny alitaka breki zishike juu juu, nikarefusha kile chuma cha pedali kinachosukuma mafuta ya breki. Kumbe sikuacha nafasi, mafuta yakawa hayarudi, breki zikabaki zimeshika.

Akajipenyeza chini ya dashibodi, akalegeza nati ya kile chuma nusu mzunguko. Nusu, Kyalo. Magurudumu yakazunguka kwa kidole.

Mzee akaja kuuliza nani amelipata tatizo. Nikangoja Mirriam anianike.

Akasema, "Ameligundua Jared, mimi nimemshikia tochi tu."

Mzee akanipa mkono. Mirriam akaenda zake kunawa.

Kumchukia ndiko kulikokuwa kumenibakia, Kyalo. Na huko nako amenichukulia.