Nimeshuka Kwenye Meli Bila Wewe

Athumani, ndugu yangu,

Nimeshuka. Jumamosi, Ziwa Superior, kwenye meli yetu ile iliyovunjika na kuzama. Nakuambia wewe, maana nani mwingine ataelewa?

Tangu moyo wako usimame mwezi wa kwanza, suti yako ya kuzamia iko gereji kwangu, hapa mjini Savage. Mkeo aliniomba niiondoe nyumbani, hawezi kuiona. Wallahi hata mimi siwezi. Nikienda kuchukua gari naipita nikiangalia pembeni.

Aliyenitoa ni Rukia. Binti yako yuko chuoni sasa, na ameng'ang'ania neno moja: nimfundishe kuzamia, akaione meli uliyokuwa ukimsimulia. Kwa Kiingereza chake kile, bila kupumua. Mamake analia, kisha asema uamuzi ni wangu. Wangu mimi! Nikaona nikajipime kwanza kama naweza kushuka na mtu.

Nikaenda na Mzungu mmoja wa klabu, mtu mwema, hana neno. Maji ni yale yale, baridi ya kutia midomo ganzi. Tukaifuata kamba mpaka mbao zikaonekana, zimetawanyika vile vile, na lile boila lako la mvuke ulilokuwa ukilisifu kama umelinunua wewe. Ulizoea kuniambia, "Polepole, bwana, meli haiendi popote." Nikacheka na mpira wa hewa mdomoni. Kisha nikageuka kushoto, upande wako, nikakuonyesha ishara yetu ya vidole: niko sawa, wewe je?

Nikangoja unijibu.

Athumani, nilingoja! Nilikushusha kaburini kwa mikono yangu hii, na bado nilingoja. Mzungu wa watu yuko kulia ananipungia, mimi simwoni, mpaka akanishika bega. Tulipofika juu nililia mbele ya kila mtu, wala sikuona haya.

Basi nimemwambia Rukia hapana, si mwaka huu. Amenuna, hapokei simu zangu. Adhani naogopa baridi. Nimeshindwa kumweleza kwamba kule chini mtu humwangalia mwenzake, na mimi bado nakuangalia wewe. Mtoto wako atapata shida nami sina habari.

Lala pema, ndugu yangu, Mola akupanulie kaburi. Nitamfundisha, nakuahidi. Nitaanza siku nitakayoshuka nisikutafute. Na siku hiyo, wallahi, ndiyo ninayoiogopa.

Mwenzako,
Swaleh