Kamera Isiyolia

Kwako mama mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Goti lako linaendeleaje? Wadogo zangu hawajambo? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaoumwa, na sababu utaijua ukivumilia kusoma hadi mwisho.

Uliniuliza kwa nini mama mdogo alirudi nyumbani ghafla, begi moja mkononi, akisema miguu imechoshwa na cherehani. Usimlaumu kwa uongo huo. Anaficha aibu, bila kujua kwamba aibu yenyewe ni yangu.

Nilikusimulia kwamba ofisi ya kiwanda ilinikabidhi kamera nipige picha za nguo za kuwaonyesha wateja. Nikatolewa kwenye cherehani, nikapewa meza dirishani. Kamera yenyewe ni kitu kidogo, mama, kinaenea kiganjani, maana ndani hakina kile kioo cha kamera za zamani. Lenzi unazifungua na kuzibadili: moja ya kuchukua gauni zima, moja ya kuonyesha hata tundu la sindano, moja ya kuvuta mbali. Skrini yake inakunjuka, unapiga ukiwa umeishika tumboni kama sahani. Ukitaka, hailii hata kidogo. Picha ikishapigwa, inajituma yenyewe kwenye simu ya meneja. Basi kichwa kikavimba. Wenzangu wakaniita Bi Picha, nami nikaitika.

Kumbe kazi yangu ya cherehani aliongezewa mama mdogo, niliyekuwa nikishona naye mle kiwandani. Akawa anashona kola zangu na zake, wala hakuninung'unikia.

Siku moja baada ya chakula cha mchana nilikuwa najaribu lenzi ya kuvuta mbali. Nikamwona amelalia mkono, shavu juu ya kitambaa cheupe, mwanga ukimwangukia. Alipendeza. Kamera hii hutafuta jicho la mtu yenyewe; ikahangaika usoni pake, isione jicho lililo wazi. Nikabonyeza. Nilikusudia nikuletee wewe picha ile. Simu ya meneja niliisahau kabisa.

Saa haikupita, nikaitwa ofisini. Meneja akaniwekea simu mbele, akauliza, "Huyu amelala, au anaokota kitu?"

Mama, mlango aliniachia wazi. Ningesema anaokota uzi, yangeishia hapo. Ningesema anafanya kazi ya watu wawili, huenda angenisikiliza. Lakini niliogopa kunyang'anywa kamera na kurudishwa kwenye kola. Nikasema, "Amelala, bosi."

Jioni ileile akafukuzwa. Mimi ndiye niliyembebea begi hadi kituoni. Akaniambia, "Mwanangu, mle ndani kuna mtu ana roho mbaya. Jihadhari naye." Nikaitikia, "Nitajihadhari, mama."

Juzi nilimwendea meneja, nikamweleza yote. Akasema nafasi ya mama mdogo imeshajazwa. Nimemrudishia kamera yake na kuomba cherehani. Usiuite huo ushujaa. Kila nikiinua kamera nilimwona yeye kwenye skrini, kazi ikanishinda.

Barua hii usimsomee mama mdogo wewe. Mpe aisome mwenyewe, kisha unijulishe kama nije kumpigia magoti au nikae hukuhuku.

Wasalimie wote wa nyumbani. Yeye mwachie achague kama atazipokea salamu zangu.

Ni mimi binti yako, ninayeona haya kuandika jina.