Tundu Moja Kwenye Bampa

Tarehe 3 Machi

Baba, shikamoo.

Bado naisikia drili yako ikifa. Haikuzimwa, ilikatwa pumzi. Ilikuwa ikilia kwa ukali, kisha sauti ikashuka, ikashuka, ikanyamaza ndani ya bampa la gari, na kaka amesimama ukutani na plagi mkononi. Miaka mitatu sasa.

Magoti yanaendeleaje? Na kifua? Mimi ni mzima wa mwili. Najua sijaandika tangu tulipomzika kaka, na leo naandika kwa sababu nina shida. Nisamehe kwa hilo.

Gari lake liko kwangu, lile jekundu la michezo alilolipenda kuliko usingizi. Nimepata mtu wa kulinunua, lakini halitapita ukaguzi bila kibao cha namba cha mbele. Kaka alikuwa akikiweka juu ya dashibodi, kikiteleza kila kona. Fundi wa huku anasema tutoboe matundu mawili, dakika tano tu. Baba, sitaki litobolewe tena. Hakuna njia nyingine?

Mwanao.

Tarehe 14 Machi

Binti yangu, marahaba.

Magoti yanalalamika lakini yananibeba. Karakana naifungua kila siku, ingawa mkono wa kulia umeanza kutetemeka. Chai nakunywa nusu, nusu inakunywa shati. Mama yako, kama unavyojua, bado yuko kwa dada yake. Simu yangu hapokei.

Sasa sikiliza, Profesa. Tepu ya gundi usithubutu; jua likiwaka, kibao utakiokota barabarani. Waya pia hapana, hiyo ni kazi ya kufunga mbuzi. Tazama bampa upande wa kulia, utaona kifuniko kidogo cha mraba. Kibandue taratibu kwa kisu ulichokizungushia kitambaa. Nyuma yake kuna tundu la kiwandani, lenye nyuzi za skrubu. Hapo ndipo hufungwa ndoano ya kuvutia gari likikwama. Ndoano yenyewe iko kwenye buti, chini ya tairi la akiba. Nitumie niipime, nikuchomelee kishikio cha kibao. Hutatoboa hata nukta.

Lakini mbona unaliuza?

Baba yako.

Tarehe 2 Aprili

Baba, shikamoo.

Mkono umeupeleka hospitali? Usiniambie unakunywa dawa za jirani.

Ndoano nimeifunga pamoja na barua hii. Niliijaribu kwanza. Ilinikatalia kabisa, mpaka nikagundua kwamba yenyewe hukazwa kinyume. Nilimsikia kaka kichwani: "Digrii mbili, bolti moja imekushinda!" Nikacheka peke yangu. Halafu sikucheka tena.

Katikati ya bampa alikuwa amebandika stika. Nimeibandua. Tundu lako liko pale, moja, halikufika upande wa pili.

Unauliza kwa nini naliuza. Kwa sababu kila asubuhi nikifungua dirisha linanitazama. Siku ile uliniuliza, "Kaka yako amekubali?" Nikajibu, "Amekubali, we toboa tu." Hakuwa amekubali. Alikuwa dukani. Nilikuwa nimechoshwa na ubishi wenu wa siku tatu juu ya kufunga kibao, nikadhani akikuta limeshatobolewa atanuna, atakula, yataisha. Akaondoka, na hakukanyaga tena hapo nyumbani hadi tulipomrudisha kwenye jeneza. Mama akakubebesha wewe lawama zote, akahama. Nawe ukazibeba.

Kwa nini hukusema?

Mwanao.

Tarehe 30 Aprili

Binti yangu, marahaba.

Nimekuchelewesha. Kishikio nimekirudia mara nne, mkono ukiniharibia. Hicho nilichokufungia humu ndicho kilichonyooka. Kaza kinyume, kama ulivyojifunza.

Kwa nini sikusema? Kaka yako alikuwa ameshanikosa mimi. Huko mjini alikuwa na wewe tu. Ningemwambia, angebaki na nani? Halafu drili ilikuwa mkononi mwangu, si mwako. Duka ni hatua mia kutoka getini. Ningeweza kumsubiri.

Wiki ile ile nilichanganya rangi ya kuzibia lile tundu. Kopo liko kwenye rafu. Kila mwezi nalitikisa lisigande. Nilikuwa nangoja alilete gari.

Mama yako usimwambie. Amempoteza mmoja, asianze kukutazama na wewe kwa jicho la lawama. Mimi nimeshalizoea.

Baba yako.

Tarehe 12 Mei

Baba, shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa.

Kishikio kiliingia bila ubishi. Nilifunga kibao, nikakitikisa kwa nguvu, kimya. Mkaguzi alipiga magoti akitafuta tulipotoboa.

"Nani kakutengenezea hiki?"

"Baba yangu."

"Mwambie ana mkono, huyo mzee."

Gari limepita. Mnunuzi nimemwambia asije.

Jumamosi nililiendesha hadi kwa mama mkubwa. Mama alikuwa uani anakunja nguo. Alisikia injini akatoka mbio, shuka mkononi, na kabla sijafungua mlango niliuona uso wake. Kwa sekunde moja alidhani ni kaka.

Nilimshika mkono, nikamwonyesha tundu, nikamwambia nani alisema toboa. Alitia ncha ya kidole humo, akaiacha humo muda mrefu. Kisha akasema, "Miaka mitatu namnyima baba yako hata salamu. Na wewe kila mwezi unakuja hapa, unakula, unanawa, unaaga." Akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Nilikaa kizingitini hadi mama mkubwa aliponiletea maji na kuniambia niende.

Uliniomba nisimwambie, Baba. Nimeshamwambia. Barua zako mbili nilizisukuma chini ya mlango wake, pamoja na funguo za gari. Kituo cha basi nilikwenda kwa miguu.

Mwanao.