Sarafu Mbili Kwenye Diski

Mzee wangu,

Shikamoo. Najua huitikii, ila siwezi kuanza bila hiyo.

Tangu utuache mahindi yameshavunwa. Gereji ipo palepale, barabara ya Makere. Benchi lako tumelisukuma ukutani, tunawekea madumu ya oili. Mimi sijalia mpaka leo. Nafungua gari, nafunga gari, nakula, nalala. Mke wangu akiniuliza kitu namjibu baada ya muda, kama mtu wa mbali.

Nakuandikia juu ya lile gari la daktari. Unalikumbuka. Pikapu iliyojengewa chumba mgongoni, na kitanda, na jiko la gesi, hata sinki. Yule daktari mstaafu na mkewe walikuwa wanazungukia vituo walivyofanya kazi ujanani. Walitoka Kibondo wanakwenda Kigoma, na kila akikanyaga breki mteremkoni usukani unatetemeka mpaka vikombe vinagongana kabatini. Mama yule alisema yeye anashuka, atapanda basi. Daktari alitaka kujua kitu kimoja tu: diski za breki zimekufa au bado?

Mimi nikasema zimekufa. Nilikuwa nimezitazama tu, zina mistari, zimeingia rangi ya bluu. Wewe ukaniambia mbele ya wageni na mbele ya mafundi wote, "Tulia, mtoto. Chuma bado cha moto." Wakacheka. Nina miaka arobaini na saba, Mzee. Yule jamaa wa kuchomelea akaniita Mtoto wiki nzima.

Diski zikapoa. Ukaleta kipimo chako cha chuma, kile unachokifunga kwenye kitambaa cha kitenge. Ulishanifundisha miaka mingi kwamba diski inalika pale pedi zinapobana, lakini ukingo wa nje unabaki umenyanyuka, na ukipima kwenye ukingo utadanganyika, utaiona nene kuliko ilivyo. Kwa hiyo wewe uliweka sarafu mbili, moja huku moja kule, ndani ya ukingo, ukabana juu yake, halafu ukatoa unene wa sarafu. Sehemu sita, diski nzima kuzunguka. Ukasema ni milimita ishirini na saba na kitu, na namba iliyogongwa ubavuni inasema mwisho wake wa kulika ni ishirini na sita. Diski ni nzima. Kinachotetemesha ni kutu iliyoingia kati ya diski na habu, kile chuma linapofungwa tairi, na nati za tairi zimekazwa upande upande.

Nilikuwa nyuma ya bega lako. Sarafu niliziona. Na bado nikamwambia daktari, "Mzee amepima kwenye ukingo. Macho yake siku hizi, tumsamehe tu."

Nilisema kwa heshima kabisa. Sijui kama hiyo ndiyo iliyokuuma zaidi.

Ulizifuta sarafu kwenye ovaroli, ukazitia mfukoni, ukaniambia, "Haya, fundi. Limalize." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita fundi.

Diski mpya zikaja na basi. Kabla ya kuzifunga nikasugua ile kutu uliyonionyesha, na nati nikazikaza kwa msalaba, moja huku, inayofuata upande wa pili, kama ulivyonifundisha. Gari likatulia. Vikombe kimya. Kila mtu akasema umeona, diski mpya hizo. Nikaipokea sifa hiyo.

Baada ya hapo hakuna dereva aliyekuachia breki zake. Walikuwa wanakusalimia vizuri, halafu wanakuja kwangu. Ukarudi Gwarama kulima. Nikawa nasema nitakuja, nitakuja. Nikaja kubeba jeneza. Pale msibani mtu mmoja akasema ulikuwa fundi hasa, ila mwishoni macho yalikuangusha. Nikapewa maiki niseme kwa niaba ya gereji. Nikasema ni kweli, ila tulimvumilia.

Nilisema hivyo, Mzee. Udongo wa kaburi lako ulikuwa haujakauka.

Zile diski za daktari nilikuwa nimezitupa chini ya meza. Mwezi uliopita nikazitoa. Nikapima kwa sarafu, sehemu sita. Ishirini na saba na kitu. Nilijua itakuwa hivyo, na bado nikarudia mara tatu, sijui nilikuwa nataka nini. Pikapu yangu ni aina ileile, nikazifunga. Nimebeba nazo mihogo, nimeshuka nazo kila mteremko kutoka Kasulu mpaka Kibondo, usukani nimeushika kwa vidole viwili nasubiri utetemeke. Hautetemeki.

Jumapili nikaenda nazo mpaka Gwarama kwa Mama, mkeo. Nilimwambia yote. Alikuwa anachambua maharage, hakuacha. Akasema, "Alijua. Aliniambia, mtoto ameziona sarafu, atakuja kusema." Akachambua kidogo. Halafu akasema ulikuwa ukisikia gari linakuja unatoka nje kuangalia.

Akaniwekea chakula. Nikala chote.

Jumamosi hii, mafundi wote wakiwepo, nitainua pikapu na kutoa tairi la mbele. Nitampa yule wa kuchomelea kipimo chako, apime mwenyewe, kwanza kwenye ukingo, halafu kwa sarafu. Nitawaambia hizi ni diski za nani, nani alisema ni nzima, na nani alidanganya. Namba ya daktari ninayo, nitampigia palepale, wote wanasikia. Wakiacha kuniletea breki zao, sawa. Benchi lako nitalirudisha mahali pake.

Nikimaliza nitakuja kukuambia. Nitakuja na gari hilohilo, nitalishusha taratibu ule mteremko wa kwenu, usihangaike kutoka nje. Mimi ndiye.

Pumzika, Mzee. Lile jina la fundi nakurudishia.

Mimi, Mtoto.